Daftari la Viatu

Nchi yetu ina jina zuri, ila kwa sasa siwezi kulitaja kwa sababu limepelekwa kwenye matengenezo. Zabuni ilitangazwa, mkandarasi akapatikana, akaling'oa jina kwenye mabango yote, na tangu siku hiyo hajaonekana. Tunamvumilia. Kwa hiyo nikisema "nchi yetu", msomaji elewa kuwa ni yetu sisi, wala usianze kuchungulia dirishani kwako.

Mimi ni karani wa mahakama ya mji wa Mwambakuu. Nimeandika kesi za watu kwa miaka kumi na tisa, na rekodi yangu mwenyewe ni safi. Nalisema hili mapema ili lisije likaulizwa.

Mambo ninayoyasimulia yalianza pale Waziri wa Sheria na Mengineyo, Mheshimiwa Badiri Kirungu, aliporudi kutoka safari ya utafiti ya siku arubaini ughaibuni. Kwenye uwanja wa ndege alipokewa kwa ngoma, akapanda jukwaani kabla hata ya kunawa uso.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimegundua chanzo cha uhalifu. Utafiti umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya watu wanaorudia makosa, waliwahi kukosa kabla!"

Umati ukapigwa na butwaa. Wengi wetu tulikuwa tumeishi miaka yote hiyo bila kujua.

Wiki ile ile Bunge lilipitisha Sheria ya Kukomesha Marudio. Ilikuwa sheria nyepesi kuelewa, hata mtu wa chekechea angeishika. Kosa la kwanza, miezi mitatu jela. La pili, miaka thelathini. La tatu, vifungo viwili vya maisha. La nne, vitatu, na kuendelea kupanda hivyo hivyo mpaka mkosaji ashike adabu. Mbunge mmoja wa upinzani alisimama akauliza binadamu ana maisha mangapi. Spika akamtoa nje kwa kuleta mambo ya dini bungeni. Mheshimiwa Kirungu hata hivyo alijibu kwa upole kwamba kifungo cha kwanza atakitumikia mkosaji mwenyewe, na vilivyobaki vitatumikiwa na warithi wake, mmoja kimoja. Warithi wakiisha, watafuata ndugu wengine kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo.

Wabunge wakapiga meza kwa furaha hadi meza moja ikavunjika. Kwa kuwa ilishawahi kuvunjika mwaka juzi, ilipelekwa stoo chini ya ulinzi.

*

Tatizo lilikuwa moja tu. Ili umwadhibu mtu kwa kurudia, lazima ujue amerudia mara ngapi, na kumbukumbu za makosa katika nchi yetu zilikuwa hazipo. Zilikuwepo zamani, nakiri. Lakini mafaili yale yalikuwa ya karatasi nzuri, ngumu, na wauza karanga wa nje ya mahakama walikuwa na shida ya vifungashio. Kwa miaka mingi watu wa Mwambakuu walikula karanga huku wakisoma hukumu za majirani zao.

Amri ikaja kutoka makao makuu: kila wilaya itafute daftari lolote lenye majina ya watu na mambo waliyoyarudia, liwe Kumbukumbu Rasmi. Wilaya jirani walichukua daftari la zahanati, na mtu aliyeugua malaria mara tano akaanza kutafutwa. Kwetu kazi hiyo alipewa Inspekta Mlekwa, kijana mchapakazi, mwenye moyo safi na kichwa kisicho na msongamano. Alizunguka mtaa kwa mtaa siku sita. Siku ya saba akaingia ofisini kwangu amekumbatia daftari jeusi lenye madoa ya mchuzi.

"Karani, nimelipata," akasema. "Limo jina, limo tendo, imo tarehe, na mkosaji ametia dole gumba mwenyewe. Hata polisi hatujawahi kuandika vizuri hivi!"

Lilikuwa daftari la kamati ya mazishi.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana huenda kwenu haipo. Mwambakuu mtu akifiwa, mji mzima hukaa kwake kwenye majamvi, na viatu huachwa barazani. Sasa fikiria viatu vya watu mia tatu, na mia mbili kati yake ni kandambili za bluu kutoka duka moja. Kuondoka na kiatu cha mwenzio ni jambo la kawaida kabisa. Mwenye haraka anavaa kilicho karibu, anayefuata anakuta chake hakipo anavaa kingine, na mambo yanakwenda hivyo mpaka kwa mtu wa mwisho, ambaye huvaa kilichobaki, pengine kimoja cha bluu na kimoja cha kike.

Lakini wazee wetu hawakuwa wajinga. Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, kila mtu hurudi na alichoondoka nacho. Viatu vinatandazwa, watu wanacheka, wanataniana, kila mmoja anachukua chake. Katibu wa kamati anaandika: fulani karudisha kiatu cha fulani. Katibu yule alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Aliandika nani kaleta mchele, nani kahutubia na kasema nini, nani kalia kweli na nani kajipaka mate.

Inspekta Mlekwa alilisoma daftari lile kwa jicho la sheria. Mtu aliyerudisha kiatu, alisema, maana yake alikichukua. Kurudisha ni kukiri. Na aliyerudisha mara nyingi ni mwizi mzoefu. Majina ya wale ambao hawakuwahi kurudisha hata kandambili moja hayakuwemo, na hao akawaweka kwenye orodha ya raia wema.

Jina langu halikuwemo. Inspekta alinipa mkono wa pongezi.

*

Jina lililoongoza lilikuwa la Mzee Kombo Faki, mchimba makaburi. Mara kumi na moja! Hakuna aliyemkaribia.

Mji wetu, kama jina lake, umejengwa juu ya mwamba. Kuchimba kaburi Mwambakuu si kazi ya kila mwenye jembe. Unaweza kupiga mtaimbo kutwa nzima ukatoka na shimo la kuzikia paka. Mzee Kombo peke yake ndiye anayejua mwamba unafunguka wapi. Alijifunza kwa baba yake, akafanya miaka thelathini na minane, na vumbi la chokaa likamla macho. Sasa anaona watu kama vivuli, na anakujua kwa sauti na kwa unavyotembea. Na kwa kuwa huchimba peku, viatu kaviacha barazani, kisha huwa anabaki makaburini kusawazisha udongo na kuosha zana zake, hurudi msibani wa mwisho. Mtu wa mwisho, nimeshasema, huvaa kilichobaki.

Siku ya tatu hurudisha. Hakosi. Mvua inyeshe, jua liwake, utamwona anakuja ameshika viatu vya watu mkononi, kavifuta vizuri.

Msiba uliomponza ulikuwa wa fundi cherehani mmoja, Haji Mbaruku. Waliokuwepo walinisimulia kwamba Mheshimiwa Kirungu alihudhuria, maana haachi msiba hata mmoja, na uchaguzi ulikuwa karibu. Alisimama akafuta jicho kwa kitambaa. "Marehemu alikuwa mjomba wangu," alisema. Kisha akamvuta Mzee Kombo aliyekuwa na udongo hadi kwenye nyusi, akamkumbatia mbele ya watu. "Na huyu mnayemwona hapa ni baba yangu mdogo, damu moja! Amenilea magotini mwake!"

Watu wakaitikia kwa takbiri, na katibu, aliyeazimwa daftari lake kwa siku hiyo, akaandika. Mzee Kombo, ambaye hakuwahi kumlea mtu yeyote magotini isipokuwa binti yake, alimfutia udongo begani kwa adabu. Mheshimiwa akaondoka wa kwanza, haraka haraka, walinzi wakimvalisha viatu vilivyokuwa mbele, na kuanzia hapo viatu vyote vya mji vikapishana. Mzee Kombo aliporudi kutoka makaburini alikuta kandambili moja ya bluu na kiatu kimoja cha ngozi cha mguu wa kushoto. Akavaa.

Siku ya tatu akavirudisha. Barazani hapakuwa na mtu aliyeleta kiatu, kwa sababu watu walishaisikia sheria. Palikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa Inspekta Mlekwa na fomu mpya.

"Unarudisha nini, mzee?"

"Kiatu na kandambili, mwanangu. Sijui ni vya nani. Waulize, mwenyewe atajitokeza."

"Na hii ni mara yako ya ngapi?"

"Mimi?" Mzee Kombo akacheka. "Mimi bingwa. Hii ya kumi na mbili."

Inspekta aliandika. Hakuna mtu aliyelalamika kuibiwa, lakini fomu haikuwa na nafasi ya mlalamikaji, kwa hiyo hilo halikuleta shida.

*

Kosa la kumi na mbili kwa ngazi ya sheria lilikuwa na vifungo kumi na kimoja vya maisha. Nilikokotoa mwenyewe mara tatu. Kimoja cha Mzee Kombo, kumi vya warithi. Na mrithi wake wa kwanza alikuwa binti yake wa pekee, Riziki, mwenye ujauzito wa miezi minane.

Riziki alikuja ofisini kwangu siku moja kabla ya kesi. Alikaa kwa taabu, akashika mgongo.

"Kaka Karani, niambie ukweli. Na huyu?" Akaonyesha tumbo.

Niliangalia sheria. "Huyu ni mrithi wa pili. Atajulishwa hukumu atakapozaliwa."

"Atajulishwaje?"

"Kwa barua."

Alinitazama kwa muda. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimezoea kutazamwa. Lakini siku ile niliinama nikatafuta kalamu chini ya meza ingawa ilikuwa mkononi mwangu.

"Baba hajawahi kuchukua hata kijiti cha mtu," akasema. "Mji mzima unajua."

"Mji hauna muhuri, Riziki."

Aliinuka akaenda. Nilimwambia nitamwombea. Ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wangu, au nilijiambia hivyo.

*

Kwa kuwa ilikuwa kesi ya kwanza chini ya sheria mpya, serikali iliamua iwe sherehe. Palikuwa na utepe wa kukata, maji ya chupa, na kwaya ya askari magereza iliyoimba wimbo wa kuwakaribisha wafungwa. Mahakama ilitandikwa zulia jipya jekundu, zawadi ya wafadhili, na ili lisichafuke tangazo likabandikwa mlangoni: VUA VIATU. Hakimu Ngwali alivua, Mheshimiwa Kirungu alivua, familia nzima ya Mheshimiwa iliyokuja kushuhudia fahari yake ilivua. Mzee Kombo alikuja peku, kwa tahadhari. Mimi vyangu sikuviacha mlangoni. Niliviweka nyuma ya kabati la ofisini kwangu tangu alfajiri, bila sababu yoyote maalumu.

Mheshimiwa alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema nchi inayocheka na wanaorudia itavuna mabua. Alisema huruma ni mlango usio na komeo. Alisema, na hapa alipigiwa makofi, kwamba sheria hii haitamwangalia mtu usoni wala ukoo.

"Mshtakiwa," Hakimu Ngwali akasema, "umesomewa shitaka. Kwa nini umekuwa ukirudia?"

Mzee Kombo alisimama, akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Mheshimiwa Hakimu, zamani sikuwa nikikosea. Nilikuwa na makubadhi yangu, kanishonea marehemu mke wangu, Nuru, kwa mkono wake. La kulia alilitia kiraka cha mpira wa gari, likawa linaguna kila nikikanyaga. Hata nyie mlikuwa mkinisikia nakuja. Basi msibani nilikuwa nakanyaga hili, nakanyaga lile, likiguna najua ndilo langu. Miaka minne nyuma, msiba wa Bi Shani, mvua ilinyesha ghafla watu wakatimka. Niliporudi kutoka makaburini makubadhi hayapo. Siku ya tatu nikasubiri. Hayakuja. Tangu hapo navaa hizi kandambili kama za kila mtu, na macho yangu ndiyo haya. Ndipo makosa yakaanza."

Mimi niliandika maneno yale neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri sana.

"Mahakama haishughuliki na makubadhi," Hakimu akasema. "Mahakama inashughulika na marudio. Karani, soma orodha ya warithi."

Nikasoma. Mrithi wa kwanza, Riziki binti Kombo. Wa pili, mtoto asiye na jina, yuko tumboni. Wa tatu, Bi Time Faki, dada wa mshtakiwa, miaka themanini na moja. Bi Time aliyekuwa benchi la nyuma akauliza kwa sauti kama jela wana magodoro, kwa sababu mgongo wake hauwezi sakafu. Wa nne na wa tano, wajukuu wawili wa Bi Time. Kisha orodha ikakatika.

"Wamebaki watano," Inspekta Mlekwa akasimama kwa ukakamavu. "Sheria inasema tufuate kumbukumbu zilizopo. Naomba Karani afungue Kumbukumbu Rasmi, ukurasa wa arubaini."

Nikafungua. Naapa sikuwa nimeusoma ukurasa ule kabla. Nilisoma nilichokiona, kama ilivyo kazi yangu:

"'Mheshimiwa Badiri Kirungu kahutubia. Kasema mchimba kaburi Kombo Faki ni baba yake mdogo, damu moja, kamlea magotini. Mashahidi, waliohudhuria wote.' Mrithi wa sita, Mheshimiwa Badiri Kirungu, kifungo cha maisha."

Kwaya ya magereza, ambayo ilielekezwa kuimba kila jina linapotajwa, ikaimba kwa mara ya sita.

"Nyamazeni!" Mheshimiwa alikuwa ameshasimama, soksi moja imemvuka nusu. "Mimi si ndugu na huyu! Simjui! Ile ilikuwa... ilikuwa salamu za rambirambi tu!"

Inspekta Mlekwa akafikiri. Nilimwona anafikiri, na nikaogopa, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri hadi mwisho.

"Kwa hiyo Mheshimiwa hakusema kweli?"

"Siasa, kijana! Kila mtu anasema!"

"Basi ni taarifa ya uongo mbele ya hadhara. Hilo nalo ni kosa." Inspekta akachukua daftari mikononi mwangu, akaanza kufunua kurasa huku akilamba kidole. "Msiba wa Bi Shani, Mheshimiwa kasema marehemu ni shangazi yake. Msiba wa Mzee Chombo, babu yake. Msiba wa mwalimu Tindwa, pacha wake." Akaendelea kuhesabu, ukumbi mzima ukimsaidia kwa sauti, hadi watu wa nje nao wakadaka hesabu dirishani. "Thelathini na tatu! Mheshimiwa Hakimu, ama Waziri ni ndugu wa mshtakiwa na ni mrithi wa sita, ama amerudia kosa mara thelathini na tatu, na hapo vifungo vyake ni thelathini na viwili."

Kwenye viti vya mbele ilikaa familia ya Mheshimiwa. Mkewe alisogeza kiti kidogo kulia. Mdogo wake akasogea kushoto. Mwanawe mkubwa, aliyetoka majuzi tu kupewa ukurugenzi wa bandari, alimwambia mtu wa pembeni yake kwamba yeye kwa kweli aliokotwa.

Hakimu Ngwali alikuwa akitoka jasho. "Mshtakiwa," akasema, kana kwamba mzee wa watu angeweza kumwokoa, "wewe unasemaje? Huyu ni ndugu yako?"

Mzee Kombo alisimama tena.

"Mheshimiwa Hakimu, mimi simkatai mtu aliyenikumbatia msibani. Lakini kama undugu wangu unamfunga, basi namsamehe. Si ndugu yangu. Na watoto hawa wasamehewe pia, maana wao hawakukumbatia mtu."

Watu wengine walicheka. Riziki hakucheka, alikuwa analia waziwazi, wala hakuficha uso.

*

Hapo ndipo simu ilipopigwa kutoka juu. Sijui juu ni wapi, sijawahi kufika, lakini Hakimu aliipokea akiwa amesimama wima na akaitikia "ndiyo" mara kumi na saba. Akaweka simu, akavaa miwani, akasoma hukumu kutoka kwenye karatasi tupu.

"Mahakama imetafakari. Mahakama imebaini kwamba kitu hiki kinachoitwa daftari si daftari. Hakina muhuri, kina mchuzi. Kwa hiyo hakikuwahi kuwepo, na wote mliokiona, hamkukiona. Kwa kukosekana kumbukumbu, mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza. Atatumikia miezi mitatu."

Vigelegele vikapigwa. Bi Time akauliza kama bado yeye anakwenda.

"Hata hivyo," Hakimu akaendelea, akipunguza sauti, "mahakama inafahamu kwamba mkwe wa Mkuu wa Wilaya ni mgonjwa sana, na mwamba wa mji huu unajulikana. Kwa hiyo mshtakiwa ataanza kifungo chake pale mji utakapopitisha miezi mitatu mfululizo bila msiba."

Kisha wakubwa wote wakatoka kwa pamoja, kwa kasi isiyolingana na vyeo vyao. Mheshimiwa Kirungu akiwa wa kwanza, akachomeka miguu kwenye viatu vya Hakimu. Hakimu akavaa vya Inspekta. Mtoto wa Mheshimiwa akaondoka na viatu vya kike, na hakuna aliyemsimamisha. Daftari lilitupwa kwenye moto wa kuchemshia chai ya kwaya. Nasikia siku ya tatu hakuna aliyerudisha chochote, na mpaka leo viongozi wetu wanachechemea.

*

Tulibaki wawili. Mzee Kombo alikuwa anasubiri karatasi ya kuachiliwa, nami ndiye mwenye kuitoa. Aliweka dole gumba, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Riziki alikuwa akimsubiri nje, chini ya dirisha la wauza karanga.

"Ahsante, Karani. Nisindikize mpaka ngazini, mwanangu, hizi ngazi zenu sizijui."

Nilikuwa nimeshavaa viatu vyangu. Nilikuwa nimevivaa bila kufikiri, kama ninavyovivaa kila siku kwa miaka minne, ingawa misibani sikwenda tena na kila mtu nilimwambia nina kikohozi. Juu ya zulia havikutoa sauti. Tulitembea bega kwa bega, yeye peku. Zulia likaisha, tukakanyaga sakafu ya saruji.

Mguu wangu wa kulia ukaguna.

Mzee Kombo alisimama. Nami nikasimama. Nilitaka kusema kwamba mvua ile ya msiba wa Bi Shani ilikuwa kubwa mno, kwamba nilivaa kilichokuwa karibu, kwamba siku ya tatu nilikuwa na kazi, na ya nne niliona haya, na baada ya mwezi yalishakaa vizuri mguuni. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka. Nimeona aibu za namna nyingi katika kazi hii na nyingi zina fomu zake. Hii haikuwa na fomu.

Alinyoosha mguu wake mtupu, akagusa kwa kidole gumba ukingo wa kiraka, taratibu, akaurudisha.

"Uzi wa la kulia umechoka," akasema kwa sauti ya chini. "Lipeleke kwa fundi kabla halijakatika. Nuru hakupenda kazi yake ikatike."

"Mzee Kombo, chukua, chukua sasa hivi," nikasema, na nilikuwa nimeshainama kuyavua.

Akanishika bega, mkono mzito wa mtaimbo.

"Acha. Inspekta yuko getini na fomu zake. Ukirudisha watakuandika, na wewe una watoto."

Akashuka ngazi polepole akipapasa ukuta, binti yake akamshika mkono, wakaenda zao kwenye jua, juu ya mwamba, yeye peku. Mimi nilirudi ofisini kumaliza kuandika. Rekodi yangu mpaka leo ni safi.